Desemba Isiyo na Bima

Curt alitundika kofia yake ya kuchomelea
Ijumaa ya mwisho ya Novemba, saa tisa alasiri.
Keki ilikuwa ya karoti. Meneja alikosea jina letu la ukoo.
Miaka thelathini na mbili ya cheche, na goti moja
linalotabiri theluji kuliko redio ya Duluth.

Ana sitini na moja. Bima ya wazee
inamngoja kwenye sitini na tano,
ng'ambo ya ziwa ambalo barafu yake haijakomaa.

Basi nikakaa jikoni na makaratasi, mimi Renae,
niliyewapakulia watoto wa shule viazi miaka ishirini,
nikajifunza lugha mpya uzeeni.
Kuna mpango wa shaba, wa fedha, wa dhahabu.
Curt akacheka: shaba naijua kwa harufu,
naijua inavyolia ikipoa.
Shaba hii haikuwa na harufu.
Ilisema: jilipieni dola elfu tisa za kwanza,
halafu nitafumbua jicho.

Nikapiga simu. Filimbi, dakika arobaini.
Kisha kijana, sauti ya mtu asiyewahi kuumwa mgongo,
akauliza mwaka ujao tutapata kiasi gani.
Inategemea, mwanangu, tutachota nini kwenye akiba.
Akasema: mkichota kingi, ruzuku inapungua.
Mkichota kidogo mno, mnahamia foleni nyingine.
Nikafuta, nikaandika upya kwa penseli.
Tuwe na dhiki, lakini dhiki ya kadiri,
dhiki iliyochana nywele.
Tukaahirisha paa. Tukaahirisha Arizona.

Tukachukua fedha. Itaanza Januari mosi.
Kuiendeleza bima ya karakana kwa mwezi mmoja tu
kulitaka dola elfu moja na mia tisa.
Tuliitazama ile namba
kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.
"Siku thelathini na moja," Curt akasema.
"Nani anakufa ndani ya siku thelathini na moja?"

Ajali haina kinga, husema watu.
Hawakutaja bei.

Desemba ile nilimbeba mume wangu kama yai.
Usipande ngazi. Usiguse msumeno.
Iache theluji barazani, itayeyuka Aprili.
Nilimwaga chumvi mlangoni hadi mbwa akagoma kutoka.
Usiku nilizihesabu pumzi zake
kama karani anayehesabu noti za mtu mwingine.
Tarehe kumi na tisa alikohoa mara nne:
picha ya kifua, daktari, kitanda,
na kufikia kikohozi cha nne
nilikuwa nimeshaliuza gari.

Sikumwambia
kwamba chini ya kwapa langu la kushoto
palikuwa na kitu, kidogo, kama punje ya dengu,
tangu Sikukuu ya Shukrani.
Nilikigusa kila asubuhi kabla ya kahawa,
nikakiambia: subiri.
Nilikisemesha kwa adabu, kama mgeni wa kodi.
Sijui kama dengu husoma kalenda.

Usiku wa mwaka mpya majirani walirusha fataki juu ya ziwa.
Curt amesinzia kitini, soksi moja imemtoka.
Saa sita na dakika moja nikamtikisa bega.
"Sasa unaweza kuanguka," nikamwambia.
Akacheka hadi akakohoa, na kikohozi kile
kilikuwa kikohozi tu, hakikuwa na bei.
Akavaa buti juu ya pajama, akachukua koleo,
akatoka kuikabili theluji ya mwezi mzima,
akipiga mluzi kama mvulana aliyefunguliwa shule.

Nikabaki na kadi mpya, nyepesi kuliko kijiko.
Nikaigeuza. Namba ya simu kwa maandishi madogo:
watafungua tarehe mbili, saa mbili asubuhi.
Nikaiandika kwenye kiganja, kwa wino.
Halafu, nikisikia koleo likikwaruza saruji huko nje,
nikapitisha mkono chini ya sweta.
Haya, nikaiambia dengu.
Zamu yako.